Mtetemo wa gari kuukuu: jua unafuata nini kabla ya kununua spea

Gari linaloanza kutetemeka kwenye kilomita 80 kwa saa, likazidi kwenye 95, kisha likatulia ukipita 110, limeshakupa zaidi ya nusu ya jibu. Shida ni kwamba wengi tunafika gereji na neno moja tu, "linatetemeka", na fundi anabaki kukisia. Anaanza na mauntingi za injini, yaani vile vishikizo vya mpira vinavyoibeba. Zikikosa, shokapu. Zikikosa, tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu. Ukija kushtuka umebadilisha nusu ya vyuma vya mbele, na usukani bado unakupiga mikono ukitoka Mikindani kwenda Mnazi Mmoja ya Lindi.

Huku Mtwara na Lindi kubahatisha kunauma zaidi. Spea isiyopatikana mjini inaagizwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye basi, na ikishafungwa ikaonekana siyo yenyewe, hakuna muuzaji atakayekubali kuipokea. Kwa hiyo nitajitahidi kueleza jambo hili kwa utulivu, kwa sababu linaeleweka. Mtetemo wa barabarani hautokei hewani. Lazima ufuate kitu kinachozunguka, na vitu vyenyewe ni vichache: magurudumu, injini, na vile vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Ukishajua unafuata kipi, orodha ya spea za kushuku inapungua mno hata kabla jeki haijatolewa kwenye buti.

Kwa nini ni spidi fulani tu

Chukua tairi la kawaida la Premio, lenye maandishi 195/65R15 ubavuni. Mzunguko wake mmoja ni kama mita 2. Ukiwa 100 kwa saa, tairi hilo linazunguka karibu mara 14 kila sekunde. Sasa tuseme upande mmoja wa rimu umezidi uzito kwa gramu 30 tu, pengine kwa sababu kile chuma kidogo cha balansi, cha kusawazisha uzito, kimebanduka. Kwenye spidi hiyo, gramu 30 zinalivuta gurudumu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 4 na zaidi, mara 14 kila sekunde, juu, chini, mbele, nyuma. Ukishuka hadi 50, nguvu hiyo inabaki robo, kilo moja hivi. Spidi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana gari linaloyumba barabarani linaweza kuwa tulivu kabisa ukizunguka nalo taratibu mtaani Shangani.

Lakini hiyo haielezi kwa nini mtetemo unatulia ukizidisha mwendo. Jibu lipo kwenye springi. Gurudumu, likiwa limeshikwa na springi chini ya gari na upepo ndani ya tairi, lina mdundo wake wa asili, kwa magari mengi kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mtoto kwenye bembea ukimsukuma kwa wakati wake, hata kidole kinatosha kumrusha juu; ukimsukuma ovyo ovyo, nguvu inapotea. Tairi la mita 2 linapiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde likiwa kati ya spidi 72 na 108. Hapo msukumo wa gramu zile 30 unalingana na mdundo wa gurudumu, na usukani unacheza. Ukivuka hapo, msukumo upo na umekuwa mkubwa zaidi, ila hauendani tena na mdundo, kwa hiyo mkono hauusikii sana.

Hapa ndipo uzee wa gari unapoingia. Kazi ya shokapu na bushi, ile mipira ya kwenye viungio, ni kumeza mtikisiko usifike mikononi mwako. Gari jipya linaweza kubeba gurudumu lenye kasoro ya gramu 20 na dereva asijue. Gari la mwaka 1998, bushi zake zimepasuka na shokapu zinavuja, linaitangaza kasoro hiyohiyo. Kila mtetemo basi una maswali mawili: chanzo chake ni nini, na nini kinaukuza? Kwa maoni yangu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Fundi anabadilisha bushi, mtetemo unapungua, mteja analipa na kushukuru. Baada ya miezi kadhaa umerudi, kwa sababu chanzo kilikuwa tairi tangu mwanzo, na tairi halikuguswa. Bushi mpya ilikuwa inaumeza tu.

Jaribio la barabarani

Unahitaji barabara nyoofu, lami nzuri, isiyo na watu. Usifanye vijijini, ambako kikomo ni 50 na watoto wanavuka. Ukishaimaliza Mikindani na zile kona za ghuba, kuna vipande vya barabara vinavyofaa asubuhi na mapema. Uwe na mtu pembeni wa kuandika, wewe ushike usukani tu.

Kwanza, angalia mtetemo unaanzia spidi gani na unausikia wapi. Mtetemo ukiwa kwenye usukani, chanzo mara nyingi kipo mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafu, huku usukani umetulia, tazama nyuma. Hii siyo sheria ya kukata kiapo, ila inatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Pili, ukiwa kwenye spidi ile inayotetemeka, achia mafuta na uweke gia nyutro kwa sekunde chache. Usizime injini hata kidogo: breki inapoteza msaada wake, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga. Kwenye otomatiki sukuma tu kutoka D hadi N, bila kubonyeza kitufe cha pembeni. Sasa injini imeshuka, gari linateleza lenyewe. Mtetemo ukiendelea vilevile, injini siyo mhalifu. Ni kitu kinachozunguka na magurudumu. Ukikatika papo hapo, tairi halina hatia, na unarudi kwenye injini au vile vyuma vinavyobeba nguvu yake.

Tatu, simama, weka nyutro au P, panda mafuta hadi mshale wa mizunguko ufike pale ulipokuwa barabarani, tuseme 2,500. Gari likitetemeka limesimama, kazi ni ya injini na mauntingi zake.

Nne, ukiwa kwenye 80, shika breki taratibu. Usukani ukianza kutetemeka hapo tu, habari ni ya breki.

Baada ya hapo maongezi yako na fundi yanabadilika. Badala ya "linatetemeka" unamwambia: "Fundi, kwenye 85 usukani unacheza, nikiachia mafuta haliachi, nikiweka nyutro haliachi, kwenye breki hakuna kinachoongezeka." Fundi anayeijua kazi yake atakujibu, "Basi kaka, tuanze na matairi ya mbele," na hatagusa mauntingi.

Matairi na rimu, penye kesi nyingi

Anza na kile kisicho na gharama. Ukitoka shamba au barabara ya vumbi wakati wa mvua, tope linaingia ndani ya rimu, upande usioonekana, na likikauka linaganda upande mmoja. Nusu kilo ya tope lililokauka ni kubwa kuliko kasoro yoyote ambayo mashine ya balansi hutegemea kukutana nayo. Osha rimu kwa ndani, kisha jaribu gari tena. Angalia na upepo, tairi likiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, siyo kile kikubwa kilichochapwa ubavuni mwa tairi.

Kisha pitisha kiganja juu ya tairi, taratibu, mzunguko mzima. Tairi lenye mabonde na vilima hivi, limeliwa hapa na kuachwa pale, linakuambia shokapu zimekufa na gurudumu lilikuwa linaruka. Ukikuta sehemu imeinuka kama uvimbe, juu au ubavuni, nyuzi za ndani zimeachia. Hilo halibalansiwi wala halizibwi. Linatolewa.

Matairi ya mtumba yanahitaji jicho la pekee. Mtu anaona meno bado marefu, anaridhika. Tafuta kwenye ubavu herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo, unakuwa mgumu, na nyuzi zake zinaachana kirahisi kwenye joto la lami. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, ndipo joto linapopanda na ndipo Probox zinapojazwa magunia hadi nyuma inagusa chini. Tairi la miaka kumi, upepo pungufu, mzigo umezidi: hapo mtetemo ni onyo la mwisho kabla ya kupasuka. Ukisikia mtikisiko ambao haukuwepo asubuhi, unaongezeka kilomita hadi kilomita na haupungui hata ukishuka 40, simama pembeni uangalie. Usijisemeze kwamba utafika.

Sasa mashine ya balansi. Ni kifaa kizuri, lakini kinapima uzito tu, hakipimi umbo. Tairi lisilo duara kamili linaweza kusoma sifuri pande zote mbili kwenye mashine na bado likakutikisa, kwa sababu kila mzunguko linanyanyua gari na kulishusha. Kwa hiyo usigeuke kuangalia simu wakati gurudumu linazunguka mashineni. Chungulia ukingo wa rimu na uso wa tairi: vinakwenda sawa au vinapanda na kushuka? Rimu nyingi huku zimepinda kwenye mashimo, na aliyepita njia ya Lindi kwenda Dar es Salaam baada ya mvua za Mei 2024 kuikata anajua rimu zinavyoteseka kwenye michepuko. Mashine ikidai zaidi ya gramu 100 kwa gurudumu dogo, usikubali kubandikwa mlolongo wa vyuma. Kitu kimepinda au tairi limekwisha.

Kuna jaribio moja la mashine ninalolipenda. Mwombe fundi, akishamaliza na kusoma sifuri, alegeze gurudumu, alizungushe nusu duara, alibane upya na kupima tena. Likisoma tofauti kubwa, gurudumu halikukaa katikati ya mashine: koni inayolishika siyo saizi yake au sehemu ya kukalia ina uchafu. Balansi ile haikuwa balansi.

Na hapo ndipo tunafika kwenye nati, jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Rimu za chuma za Toyota hufungwa kwa nati yenye mdomo uliochongoka, ambao unaingia kwenye tundu na kuivuta rimu katikati. Rimu nyingi za aloi zilizokuja na magari ya Toyota ya miaka hiyo zinatumia nati nyingine, yenye shingo ndefu na washa bapa. Chukua moja ya kila aina, ziweke kiganjani, utaona zenyewe. Ukihamisha rimu bila kuhamisha nati zake, ile iliyochongoka inagusa ukingo tu wa tundu bapa, inakazika na kuonekana imekaza, lakini rimu imeegemea upande. Ile bapa kwenye rimu ya chuma nayo haivuti chochote katikati. Unabalansi, unabalansi tena, unalaani mashine.

Spoti rimu za dukani zina yake. Tundu la katikati mara nyingi huachwa kubwa ili iingie magari mengi, na pengo linatakiwa kuzibwa kwa pete maalumu kati ya rimu na habu, kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa juu yake. Bila pete, gurudumu linategemea nati peke yake kukaa katikati. Na usikubali kamwe rimu inayolazimishwa. Premio ina nati 5 kwenye duara la milimita 100, Mark II nati 5 kwenye milimita 114.3. Tofauti hiyo kwa jicho ni ndogo, lakini haziingiliani.

Kama bado una shaka, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma, upande uleule, ya nyuma yaje mbele, kisha rudi barabarani. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, umekamata tairi au rimu. Ukibaki palepale, magurudumu yamesafishika na unaendelea na vingine. Gharama ni jasho tu.

Jeki na mikono miwili

Kwenye mchanga wetu, weka ubao mpana chini ya jeki, vinginevyo inazama. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, weka stendi au gogo imara chini ya fremu, na usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mtu mwingine atazame: boli jointi, kile kiungo cha duara kinachoshika gurudumu, ndiyo inayosogea, au kila kitu kimetulia na gurudumu tu linacheza kwenye habu? Hiyo ya pili ni beringi. Shika kushoto na kulia, tikisa: mchezo hapo mara nyingi ni tairodi. Beringi mbovu huwa na mlio pia, uvumi unaopanda na spidi na kubadilika ukikata kona ndefu.

Breki za pwani

Mtetemo wa breki husemwa ni "diski imepinda". Mara nyingi diski haijapinda; ina sehemu nene na sehemu nyembamba, na tofauti inayotosha kutikisa usukani ni ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita. Gari linalolala karibu na bahari kwa wiki kadhaa bila kuendeshwa linashika kutu kwenye diski, isipokuwa pale pedi ilipofunika, na hapo tofauti inaanza. Kutu nyingine inakaa nyuma, kati ya diski na habu. Ukifunga diski mpya juu ya kutu hiyo, inakaa pembe, na baada ya muda mtetemo unarudi na diski mpya inalaumiwa. Isugue habu kwa brashi ya waya hadi ing'ae kabla ya kufunga.

Magari yaliyonyanyuliwa

Ukikuta mtetemo unakuja ukikanyaga mafuta tu, gari linayumba kushoto kulia, na ukiachia unakata, shuku draivu shafti, kile chuma kinachotoa nguvu giaboksi kupeleka gurudumu la mbele, hasa jointi ya ndani upande wa giaboksi. Ile ya nje ikifa hulia "ka-ka-ka" kwenye kona, ya ndani hutikisa kwenye mwendo ulionyooka.

Watu wa njia za Newala, Tandahimba na Nachingwea wanapenda kunyanyua gari kwa spesa, vipande vinavyowekwa juu ya springi, na nawaelewa, kwa sababu mashimo ni mashimo. Lakini shafti iliyotengenezwa ilale karibu na usawa sasa inafanya kazi imeinama, na jointi ya ndani inachakaa na kutikisa kila ukikanyaga. Kama mtetemo ulianza wiki ile spesa zilipofungwa, huna haja ya kutafuta mbali. Fungua spesa, au weka fupi zaidi.

Hiace, Mark II na Noah za zamani zina propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, na propela inazunguka kama mara nne ya tairi. Kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka, uvumi unaotambaa sakafuni na kutikisa kioo cha kutazamia nyuma hadi picha inafifia, hauna ule mtikiso mzito wa tairi. Hauondoki ukiweka nyutro, maana propela bado inazunguka na magurudumu. Angalia krosi zake, yaani viungo vya kwenye ncha, na senta beringi inayoishika katikati. Ikifunguliwa, ichorwe alama kwanza ili irudi vilevile ilivyokuwa; ikigeuzwa, hata propela isiyo na kasoro huweza kuanza kutikisa.

Upande wa injini nitasema kifupi. Gari linalotetemeka limesimama ukiwa D na kutulia ukiwa N mara nyingi lina mauntingi iliyokatika. Linalotikisika likipanda mlima wa Newala ukitokea Masasi, huku taa ya injini inawaka na kuzima, silinda moja haichomi: anza na plagi na koili, na usiendelee kulikamua hivyo, joto litaua kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Chochote utakachokuwa umefanya, magurudumu yalifunguliwa. Nati zikazwe kwa mpangilio wa kukatisha, siyo kwa kufuata duara, gari likiwa limeshuka nusu kwenye jeki, kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 100 hivi kwa Toyota ndogo. Spana ya upepo ya gereji usiiamini peke yake, inaweza kukaza moja mara mbili ya nyingine, na hilo nalo linaweza kuiweka diski pembe. Halafu zikazwe tena baada ya mwendo kidogo, kwa sababu rimu ikishakaa sawasawa nati hulegea. Ukitoka Mtwara mjini kwenda Lindi, Mnazi Mmoja ni kilomita 80 na kitu. Simama hapo, toa spana, pitia magurudumu yote manne.